Chai ya Kutemea Hasira

Mpaka leo nasema sikuwa na hasira. Wanawake wote wa banda la mboga wangekuapia kinyume chake, na waliobaki hai hunicheka bado tukikutana nje ya kanisa, lakini kifua kilikuwa changu na mimi ndiye ninayejua kilichokuwamo. Kilikuwa kitu kidogo. Kama punje ya dengu. Haya basi, kama kiazi, lakini kiazi cha kawaida.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, askari wakisimamisha kila lori barabarani na kuchokora magunia ya kabichi, kana kwamba mtu mzima anaweza kujificha ndani ya kabichi. Nilikuwa mchambuzi wa mboga katika banda moja huko milimani, juu ya Mwatate. Wakulima walileta mboga alfajiri, sisi wanawake tukatenga nzuri na mbovu na kupanga nyanya kwenye masanduku ya mbao, kisha lori likateremka hadi Voi kuwahi treni ya usiku ya kwenda Mombasa. Treni ikishapita, nyanya zinalala stesheni. Na nyanya iliyolala Voi, kwa lile joto, huamka ikiwa mchuzi.

Mwenye banda alikuwa Bwana mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye shingo ya kubadilika rangi. Hatukuwa na haja ya kumuuliza ameamkaje. Shingo ikiwa nyeupe, siku ni njema. Ikiwa na wekundu wa karoti, tulichapa kazi. Ikifikia nyanya iliyoiva, kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu alikisahau nje. Hakuwa mtu mbaya. Alituletea blanketi wakati wa baridi ya Julai, na alitufundisha koliflawa, ambayo kabla yake tuliitupa shimoni tukidhani ni kabichi iliyoshikwa na ugonjwa.

Msimamizi wetu wa kwanza aliolewa Mata, karibu na mpaka, akaenda zake kulima ndizi. Bwana akaniteua mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne na nilijua Kiingereza cha kuombea ruhusa. Usinione najigamba. Nilikuwa kitinda mimba katika nyumba iliyojaa watoto. Maishani mwangu mwote sikuwahi kumwamrisha kiumbe yeyote isipokuwa mbuzi mmoja, na yule mbuzi alinidharau waziwazi. Kwa hiyo nilipopewa ufunguo wa banda niliutaka ule ukubwa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliogopa kunyang'anywa kuliko nilivyowahi kuogopa chui.

Tatizo ni kwamba niliijua benchi yetu ya kuchambulia. Hakuna mahali palipokuwa na kicheko kama kile milimani kote, na nusu ya kicheko hicho ilikuwa ya kumcheka msimamizi. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kuuiga mwendo wake, nikichomoza makalio na kubana midomo, mpaka shangazi yangu alikuwa akishika mbavu na kuniomba nisimuue. Asubuhi yangu ya kwanza na ufunguo nilivisikia vicheko vyao tangu nje, nikaharakisha ili nisipitwe. Nikaingia. Wote wakanyamaza. Mmoja akaniamkia, "Kwawuka, Msimamizi," kwa heshima kubwa, akainamia vitunguu.

Bwana alinifundisha uongozi wote kwa methali moja, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoijua.

"Hasira hasara," alisema, kidole juu. "Kiongozi hapana onyesha hasira. Wewe sikia hasira, wewe cheka kidogo, hivi. Halafu hesabu pole pole mpaka kumi. Mimi nafanya hii kila siku tangu wakati wa vita."

Alipomaliza tu akamwona dereva akirudisha lori nyuma na kuangusha mlingoti wa geti. Akatoka nje, akavua kofia, akaikanyagakanyaga. Nikadhani hiyo kofia ndiyo ya kumi na moja.

Niliyachukua mafundisho yale kwa moyo mmoja. Nyumbani nilijizoeza kucheka kidogo mbele ya mfuniko wa sufuria, mpaka mume wangu akaniuliza ni jino gani linaloniuma. Na nafasi ya kuyatumia haikuchelewa. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyekuwa mkongwe wa benchi, na alikuwa na imani yake kuhusu nyanya: laini ziwekwe chini ya sanduku, ili zipumzike. Wanunuzi wa Mombasa walikuwa wamelalamika. Bwana alikuwa amekataza. Nikamkuta anazilaza chini zile laini, moja moja, kama anayelaza watoto wachanga.

Kitu kikanipanda kifuani. Ile dengu. Sasa nitamfokea vipi shangazi yangu, aliyenibeba mgongoni? Nikasimama pale pale mlangoni, nikatoa meno, nikanong'ona: moja, mbili, tatu, nne. Na kwa kuwa macho ni lazima yakae mahali, yakawa yanapita kwenye nyuso zao, uso baada ya uso, mpaka kumi.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Kabichi hesabu utakavyo. Mbuzi hesabu kama ni wako. Lakini mtu hahesabiwi. Ukimhesabu mtu kwa mdomo umekielekeza kifo nyumbani kwake na umekifungulia mlango. Hilo nililijua tangu utotoni, sikuhitaji kufundishwa. Lakini sikuwa nikiwahesabu wao! Nilikuwa nikijihesabia mwenyewe. Haikunipitia akilini kwamba mtu aliyesimama mlangoni meno nje, anayepitisha macho kwa watu huku akinong'ona namba, anaweza kueleweka vibaya.

Niliona tu kwamba wamefanya kazi kwa bidii siku ile. Nikajipongeza.

Basi mikosi ikaanza. Mama mmoja aliangusha sanduku la karoti kwenye kidole chake cha mguu. Birika la chai liling'oka mpini na kuuzima moto, tukanywa maji ya baridi kama ng'ombe. Nyuki wakahamia kwenye koliflawa. Dereva wetu, Mkamba mmoja mpole aliyekaa Voi, akavimba shavu. Mwishowe lori likazama kwenye matope chini ya Mwatate, na treni ikaondoka bila sisi.

Bwana aliniita kando. Shingo ilikuwa karoti, ikielekea nyanya. "Lori ikikosa treni tena," alisema, "mimi naleta nyapara kutoka Voi. Mwanamume. Alikuwa shamba ya mkonge. Iko na filimbi."

Filimbi! Nilirudi ndani. Nilijiona nimerudi benchini, nimeinamia vitunguu kwa mlio wa filimbi, na pembeni yangu wanawake walioniona nikipanda na sasa wameniona nikishuka. Nikatoa meno. Nikahesabu. Nikahesabu tena kwa usalama.

Saa ya chai Shangazi aliweka kikombe chake cha bati chini.

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa," alisema. "Humu ndani kuna mtu ana hasira moyoni."

Hapakuwa na aliyecheka. Wazee wetu Wadawida, Wataita wa milimani, waliijua hasira kuliko Bwana na kidole chake. Hasira ya kelele hawakuiogopa. Ikishatoka mdomoni hupeperuka ikaishia porini. Waliyoiogopa ni ile iliyokaliwa kimya. Hiyo hutoka yenyewe bila mwenyewe kujua, ikauma inapotaka: mtoto akaugua, ng'ombe akakauka maziwa, mvua ikakataa. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye hasira alipiga funda la mbangara, pombe yetu ya miwa, akaipuliza nje kama mvua nyembamba, akasema lililomkaa moyoni na kuwatakia wenzake heri. Hapo watu wakapumua. Sisi wa kanisa tulikuwa tumeyaacha hayo pamoja na mbangara yenyewe, angalau mchana.

"Mimi sina," alisema mama wa kidole. "Nilikuwa nayo kwa mume wangu, lakini nilimwambia jana, majirani wote walisikia."

Ikazunguka benchi nzima. Kila mmoja akajichunguza na kujiona mweupe. Kisha nyuso zote zikageuka kwangu.

"Mimi?" nilisema. "Mimi sina hasira hata chembe." Na nikacheka kidogo, kama nilivyofundishwa.

Mama mmoja alijivuta nyuma mpaka akakalia figili.

Tangu hapo waliamua kunisaidia. Hasira yangu imekwama, walisema, kama mfupa kooni, na mfupa hutolewa kwa kupigwa mgongo. Basi wakanichokoza, kwa upendo, kwa zamu. Mmoja aliweka nyanya iliyooza katikati ya zile nzuri, akanionyesha ili aone nitafanyaje. Mwingine aliniuliza kama gauni langu ni la kazini au la kutishia ndege shambani. Walianza wimbo wa mazishi kila niliposema lori liko tayari. Shangazi, ambaye hajawahi kuzunguka mambo, alikuja akanikanyaga mguu, na akabaki hapo juu ya mguu, akinitazama usoni kama anayengojea uji uchemke.

"Pole, Shangazi," nilimwambia, "umekanyaga mguu wangu."

"Najua," alisema. "Unaonaje?"

"Naona sawa tu." Meno. Moja, mbili, tatu.

Akashuka mguuni mwangu haraka. "Huyu atatumaliza," aliwaambia wenzake.

Nami nikawa nalala na maumivu ya taya. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyojua kusema. Mchana kutwa nilisimama mlangoni peke yangu, na nilipotoka nje kwenda kuangalia mawingu nilivisikia vicheko vikianza nyuma yangu, na nilipogeuka vikafa. Lakini hasira? Hasira haikuwapo. Dengu, tulishakubaliana, dengu.

Siku ya kufa kupona ilifika na mawingu. Nyanya zilikuwa zimetujia kwa wingi usiowahi kuonekana, nyekundu, ngumu, nzuri mpaka unasikitika kuziuza. Zikifika Mombasa salama nimepona. Barabara ikinyeshewa kabla lori halijateremka, filimbi. Masanduku yalikuwa yamefungwa na kurundikwa mlangoni. Dereva alikuwa ameliwasha lori, na kwa lori lile kuwasha ilikuwa nusu ya safari.

"Pakieni," nilisema.

Hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wamekunja mikono.

"Sanduku halipandi," alisema Shangazi. "Lori hili likiondoka na wewe ukiwa na huo moyo, litapinduka kwenye kona, na huyu kijana wa watu ana watoto. Tema kwanza."

Dereva alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule usiovimba. "Ninyi Wataita mna maneno! Mimi ni mtu wa Ukambani, hayo ya kwenu hayanihusu." Kisha akachungulia chini ya lori. Akazunguka, akachungulia upande wa pili. Akaja kwangu amevua kofia. "Msimamizi, mama yangu. Hata kama hayanihusu, si uteme tu? Ni mate kidogo."

"Sina hasira!" nilisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilinitoka kubwa. Wanawake wakatazamana kwa matumaini.

Likazuka suala la pombe. Hatuwezi kutasa kwa mbangara, sisi ni watu wa kanisa, na mwalimu wa dini hupita njia hii. Shangazi akainua birika, ambalo sasa lilikuwa na mpini wa waya. "Chai haina dhambi," alisema. Wengine wakasema basi iwe bila sukari, sukari ni ghali kutemwa udongoni. Shangazi alikataa katakata. Hasira, alisema, haitoki kwa chai ya kubania. Mawingu yanakaribia, lori linanguruma, na watu wazima wanabishania vijiko vya sukari. Nikashika kikombe ili tu wanyamaze.

Nikapiga funda, nikapuliza kidogo kwa adabu. "Sina hasira," nilisema, "lakini kama ninayo, basi itoke."

"Hiyo ni salamu ya wageni," alisema Shangazi. "Rudia."

Nikapiga funda la pili. Likatoka kwa nguvu nisiyoitarajia, likamlowesha dereva.

"Nina hasira na nyanya laini zinazolazwa chini!" nilisema.

"Ee!" wakaitikia.

"Nina hasira na aliyenikanyaga mguu na kukaa juu yake kama yuko stesheni!"

"Ee!" Shangazi aliitikia kuliko wote.

"Na gauni hili nililishona mwenyewe! Na wimbo wa mazishi mnauimba vibaya!" Nilikuwa nimeacha hata kupiga funda, nilikuwa natema hewa. Kisha likatoka ambalo sikulipanga. "Na nina hasira kwamba nikiingia mnanyamaza. Mimi nilikuwa mwenzenu. Nilikaa pale, kwenye ile pembe ya benchi. Sasa mnacheka nikishatoka, na mimi ndiye niliyekuwa nawachekesha!"

Nikaanza kulia mbele ya masanduku yote yale. Nilitaka ardhi inimeze, pamoja na ufunguo.

Shangazi hakunibembeleza. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akapiga funda, akapuliza mvua nzuri ya mtu aliyejifunza zamani. "Na mimi nina hasira," alisema. "Nimekulea, na tangu upewe ufunguo unasimama mlangoni unatuhesabu. Kila siku unatuhesabu, mwanangu. Tumekukosea nini hata ututakie kufa?"

"Kuwahesabu?"

"Moja, mbili, tatu! Na meno nje!"

"Nilikuwa najizuia nisikasirike!" nililia. "Bwana alisema nihesabu mpaka kumi!"

Mama wa kidole akapiga yowe la kicheko, na wengine wakamfuata, wakaangukiana mabegani. Dereva alicheka huku ameshika shavu, anaumia, anacheka.

Hapo ndipo Bwana alipofika. Aliona mboga sakafuni hazijapakiwa, mvua mlimani, dereva ameloa chai, msimamizi wake analia na wafanyakazi wanagaragara. Shingo ikaiva.

"Huyu naye," alisema Shangazi kwa utulivu. "Mtazameni shingo. Hatupakii mpaka ateme."

Nilimweleza kwa Kiingereza changu, ambacho hakikuwa kimeandaliwa kwa jambo kama hilo. Sijui alielewa nini. Alitazama saa yake, akatazama mawingu, akashika kikombe kama mtu anayepewa dawa ya hospitali, akapiga funda. Akameza.

"Usimeze, Bwana. Tema."

Akapiga lingine. Akameza tena. Masikini, alikuwa amelelewa hivyo. Mzungu unaweza kumtoa kwao, ukampeleka vitani na ukampandisha milima ya Taita, lakini chai ikishaingia mdomoni mwake hairudi nje. Mara ya tatu alijitahidi kweli, akapaliwa, na kidogo kikatoka puani. Wanawake wakajadiliana. Ya puani inahesabika? Wakakubaliana kwamba ni nusu. Kisha wakainuka kama watu walioambiwa kuna harusi, na masanduku yakapanda lorini kwa kasi ambayo sijaiona tena.

Ningependa kukuambia kwamba lori liliwahi treni. Mkanda wa feni ulikatika karibu na kuingia Voi. Dereva alirudi asubuhi kwa miguu kutoka alipoachwa na gari la watu, akatukuta bandani, akatuambia nyanya zimelala stesheni.

"Nusu haikutosha," alisema Shangazi. Hakuna aliyekuwa na shaka.

Bwana aliingia nyuma yake. Shingo ilikuwa na rangi ambayo sisi wenye mboga hatukuwa na jina lake.

"Wewe," aliniambia. "Kwisha. Nyapara anakuja Jumatatu."

Nilihisi meno yanaanza kutoka yenyewe, kwa mazoea. Nikayarudisha ndani. Miaka ile Mwafrika hakumjibu Mzungu, sembuse mwanamke, sembuse mbele ya watu, na nilijua wako waliofukuzwa kwa kujibu kidogo kuliko hivyo. Niliogopa sana. Lakini kile kiazi kilikuwa kimeshaijua njia ya kutokea.

"Bwana," nilisema, "nina hasira."

Wanawake wakaacha kuchambua.

"Mkanda wa lori ulikuwa umeungwa kwa kamba ya katani. Dereva alikuambia, mimi nikiwapo, na ukasema mwezi ujao. Nyanya zilikuwa nzuri. Zilipangwa vizuri. Zilipakiwa kabla ya mvua. Ukinifukuza kwa sababu ya mkanda, nitakuwa na hasira na wewe mpaka nizeeke, na nakuambia mapema ili usije ukashangaa."

Wekundu wa shingo ya Bwana ulipanda ukafika masikioni. Kisha taratibu, mbele ya macho yetu, akatoa meno. Macho yake yakainuka juu ya kichwa changu, yakaenda benchini, yakaanza kupita uso baada ya uso, na midomo ikaanza kunong'ona namba.

Hakufika nne. Mama wa kidole alipita dirishani. Wengine walitoka kwa mlango wa nyuma wakiwa wamejifunika khanga vichwani, karoti zikiruka, na Shangazi, ambaye kwa goti lake bovu alikuwa akishikwa mkono kupanda ngazi, aliwatangulia wote. Hata dereva alitoweka. Banda likabaki na mimi, Bwana, na birika.

"Nini?" alisema Bwana. "Nini hii?"

Nikamweleza. Kwamba kwetu watu hawahesabiwi. Kwamba ukiwahesabu unawatakia kifo, na ukitabasamu unapowahesabu, basi ndiyo wazi kabisa kwamba unakifurahia.

Akakaa juu ya sanduku.

"Mpishi wangu alikimbia," alisema. "Na yule wa mbele yake. Na yule wa shamba, mzee, mtu mzuri sana. Mimi kila siku nilikuwa nahesabu, nahesabu, nisiwapigie kelele." Aliivua kofia, nikasogea nyuma, lakini hakuikanyaga. Aliipakata tu. "Mimi nilifikiri wao hapana penda mimi."

Nilimhurumia, na sikutegemea. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyeupe, na alionekana kama mtoto aliyeambiwa kwamba wenzake walikuwa wakicheza upande wa pili wa nyumba siku zote hizo.

"Waite," alisema. "Mimi nikiita, hawatakuja."

"Na nyapara wa Jumatatu?"

"Waite kwanza."

"Na filimbi, Bwana?"

Akapunga mkono hewani. "Hapana filimbi. Wewe msimamizi. Waite. Mimi nanunua mkanda leo. Na iko hasira!" alipaaza sauti ghafla kuelekea dirishani, ili wasikie. "Mimi nina hasira sana na hii lori!"

Nikatoka. Walikuwa nyuma ya banda, wamekaa kwenye magunia matupu chini ya mparachichi, na Shangazi alikuwa amesimama katikati yao akimwigiza Bwana. Alimwigiza vizuri, na shingo aliiiga kwa khanga nyekundu. Akamaliza, watu wakifuta machozi, akaanza kumwiga mwingine. Akanyoosha mgongo kama aliyemeza mwiko, akabana ufunguo wa kubuni kiunoni, akatoa meno yote, akaanza kunong'ona: moja, mbili.

Wakaniona. Nilisimama kwenye pembe ya ukuta, na nyuso zote zikanigeukia. Hakuna aliyenyamaza. Shangazi mwenyewe alinitazama machoni na akaendelea, tatu, nne, mpaka kumi, na pale kwenye kumi akaniongezea mwendo ambao si wangu hata kidogo. Iliniuma, na nikafurahi.

"Mimi sitembei hivyo," nilisema.

"Unatembea hivyo hivyo," wakasema wote.

"Bwana anawaita kazini."

"Ana hasira?" aliuliza Shangazi.

"Anayo."

"Ameificha, au ameisema?"

"Ameisema. Hamkumsikia?"

Shangazi akakaa chini, akasogea kwenye gunia, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. "Basi kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Hasira ikishasemwa inaweza kungoja."

Nikakaa.